Jinsi Saud bin Thani Alivyolishinda Gilasi la Sahiwal

Kaeni kitako, enyi jamaa wa Firq na Izki, enyi wajukuu wa Unguja na Pemba mliotawanyika kuanzia Ibra hadi Sur! Simu zinyamazisheni, na mwenye halua mdomoni aitafune kwa adabu, maana leo hapasimuliwi habari ya mtu kununua gari. Leo yasimuliwa habari ya Saud bin Thani, Simba wa Firq, mwenye bakora ya mkunazi na kilemba cha zambarau, aliyepanda ndege akaingia nchi ya Punjabi, akakabiliwa na adui mrefu, mweupe, mwenye povu, asiyeuliwa kwa upanga wala kwa dawa ya tumbo. Ewe Mola, uliyeumba ulimi ukaunyima mfupa, nijaalie niyaeleze haya mpaka mwisho bila kucheka.

Shujaa huyu, kabla hajastaafu, alikuwa mkubwa katika idara moja ya Nizwa, na hakuna kiumbe aliyepata kutoka mbele ya meza yake na neno "hapana". Watu walimwita mkarimu. Mkewe alikuwa na jina lake jingine, ila hapa kuna watoto. Ukweli ni kwamba bwana huyu hajui kukataa, na kosa si lake, ni la mama yake, bibi wa Malindi ya Unguja, aliyemtia sikioni tangu hajaota meno: mezani kwa watu mgeni hasemi basi, maana kusema basi ni sawasawa na kumrushia mwenyeji sahani yake. Kijana akalibeba agizo hilo akavuka nalo bahari, akaota nalo mvi. Siku ya harusi ya shemeji yake walitoka Nizwa asubuhi kwenda Sur, wakasimama Al Kamil kutia petroli, mtu wasiyemjua akasema, "Tafadhal, kahawa." Wallahi, walipofika Sur bibi harusi alikwishapelekwa kwa mumewe, na viti vinakunjwa.

Na huyo mkewe ndiye Fawziya bint Maen, Lulu ya Sur, ngome ya tarikh, yaani historia, aliyesomesha wasichana wa Nizwa mpaka wengine wakamletea na binti zao. Kila mwaka alikuwa akiwafundisha kwamba pale Ras al-Jinz, kasa wanakopanda kutaga, wachimbaji walikuta kigae cha chungu chenye maandishi ya watu wa Harappa, mji wa kale kabisa wa huko Punjabi. Maana yake watu wale walikuwa wakija kwetu kufanya biashara kabla ngome ya Nizwa haijawa hata tofali. Na kila mwaka msichana mmoja hunyoosha kidole akauliza, "Abla, wewe umeshafika huko?" Naye hujibu, "Bado." Alijibu bado akiwa mwari wa juzi, akajibu bado akiwa bibi, akastaafu na bado yake mkononi. Neno hilo lilimuuma, na alikuwa akisema wazi kuwa linamuuma.

Sasa Firq, kule kwenye magereji, kuna fundi aitwaye Allah Ditta, tabibu wa magari yaliyokata tamaa, ambaye Kiswahili amekiokota kwa wateja wetu kama alivyookota spana. Siku moja alimsikia Bi Fawziya akiitaja Harappa, akaruka kutoka chini ya gari.

"Harappa? Iko karibu na nyumbani kwangu, mama! Mimi mtu wa Sahiwal. Toka mlango wa mama yangu mpaka kwenye magofu ni kama Nizwa kwenda Izki. Nendeni mkae kwake. Mimi siwezi kwenda, kazi nyingi, lakini ndugu yangu Nazir atawapeleka na gari."

Basi wakaenda. Wakaiona Sahiwal, mji wa wakulima, wenye mashamba ya viazi na ngano yasiyo na mwisho, na ng'ombe wekundu wenye ngozi ya shingo inayoning'inia kama pazia lililokatika pete. Saud alisimama ukingoni mwa mfereji wao, akautazama ulivyojaa, akasema, "Falaji hii ingeinywesha Dakhiliya nzima, na tusingegombana zamu." Naye Nazir akasimama kando ya gari, ufunguo kidoleni, tayari kwa Harappa. Lakini mlangoni alikwishatokea mama yao, Bebe, kizee mdogo mwenye mtandio mweupe na jagi la shaba, Malkia wa Nyati Watatu wa maziwa, ambaye katika uhai wake hakupata kumwachia mgeni atoke na njaa.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Wakaletewa mkate wa mahindi na mboga ya haradali iliyozama ndani ya siagi, na lassi, nayo ni mtindi uliopigwa ukapigika, katika gilasi la chuma refu kama mtutu. Saud akanywa. Kitu kilikuwa kitamu, tusimsingizie. Alipolimaliza, akafanya lifanywalo na kila muungwana aliyekulia kwenye dele na vikombe vya kahawa: hakusema kitu, alilitikisa gilasi kulia kushoto. Kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua, ukitikisa kikombe umeshiba na mmiminaji apite. Asiyetikisa ataongezwa mpaka kiyama. Bebe akaliona gilasi linatikisika, uso ukamchanua, akalijaza mpaka povu likamwagikia kanzuni.

"Labda hakuona," akasema Saud kimoyomoyo. Akanywa. Akatikisa kwa nguvu zaidi. Akajaziwa kwa upendo zaidi.

Je, niseme mangapi yaliyouawa siku ile? Magilasi yalianguka mbele yake kama majeshi, na kila moja likianguka, jingine likisimama mahali pake na bendera ya malai, utando mzito wa maziwa, kichwani. Adhuhuri ilimkuta amelala chali juu ya kitanda cha kamba, mkono juu ya tumbo, akilia kama dele likichemka. Alipoamka jua limezama, na magofu yamefungwa. Siku ya pili ikamfuata mwenzake, na ya tatu ikawaiga wakubwa zake. Nazir aliushika ufunguo mpaka kidole kikafanya alama. Na Bi Fawziya, ambaye tangu gilasi la kwanza alilifunika lake kwa kiganja akaeleweka papo hapo, alikaa na mkoba mapajani, viatu miguuni, ameutazama mlango.

Mchana wa siku ya mwisho alimwita mumewe pembeni.

"Baba Tahani, nisikilize. Kesho tunarudi. Harappa iko hapo, kama Izki, nami nimekuja kutoka Nizwa kuangalia nyati."

"Mama Tahani, mie nifanyeje? Natikisa, natikisa mpaka mkono unaniuma! Kizee huyu haoni."

"Basi mwambie."

"Nimwambie? Mezani kwake? Mama yangu angefufuka!"

"Mwache afufuke, atatukuta tumekaa hapahapa." Kisha sauti yake ikashuka. "Miaka yote nasema mie. Al Kamil nilisema mie, nikaitwa mkali. Leo sisemi. Ukitaka kunipeleka, utasema wewe. Na nikirudi Nizwa bila kuiona, wale wasichana wakinikuta sokoni wakaniuliza, ntawaambia nilifika mpaka mlangoni, mume wangu akaona haya."

Maneno hayo yalimwingia Saud kuliko lassi yote. Akarudi kitandani pake pa vita, akaketi, na Bebe akaja na jagi. Alasiri ilikuwa imekwishasimama ukutani. Akanywa gilasi la heshima, akalitikisa, mara simu ikalia. Ni Allah Ditta, kutoka chini ya gari huko Firq.

"Mzee Saud! Mashallah! Mama amepiga simu, furaha yake kubwa sana! Anasema hajaona mgeni anapenda lassi kama wewe. Kila akijaza, wewe unatikisa gilasi unaomba nyingine!"

Saud akaitazama simu, kisha akalitazama gilasi.

"Allah Ditta," akasema, "nani kakwambia kutikisa ni kuomba? Kutikisa ni kukataa!"

"Kahawa, mzee, kahawa! Hiyo ya kwenu Oman! Huku mtu akitikisa gilasi anatafuta malai iliyoganda chini. Maana yake lete zaidi. Na mama hawezi kukutia njiani na njaa, kwa hivyo safari bado."

"Sasa nifanye nini, we mwanaharamu wa heri?"

"Sema bas."

"Niseme nini?"

"Bas, mzee. Huku bas, Oman bas, kwenu basi. Neno moja tu."

Na simu ikakatika, maana gari lilimdondoshea mafuta usoni.

Enyi msikilizao, yaliyopita yalikuwa mchezo. Neno lile, ambalo sisi twalitupia mwanzo wa kila habari bila kulifikiri, shujaa wetu alikuwa nalo mdomoni tangu utotoni wala hakupata kulisema mezani kwa watu. Akalitafuta akalikuta kooni, limejikunyata nyuma ya malai. Upande mmoja akamwona mama yake na kanga begani, kidole juu, "Saud! Adabu!" Upande wa pili akamwona mkewe, ambaye sasa hakuwa akiutazama mlango tena. Alikuwa akifungua kamba za viatu. Alikuwa amekwishakata tamaa, na anazifungua polepole, bila ya hasira, kama mtu aliyezowea.

Hilo ndilo lililomshinda. Jagi lilikwishainama, uzi wa kwanza wa lassi unateremka. Simba wa Firq akanyoosha kiganja, akaliziba gilasi, lassi ikamtiririkia mpaka kiwikoni, akatoa sauti iliyowashitua kuku.

"Basi!"

Nyati mmoja aligeuza kichwa. Bebe akamtazama, akautazama mkono wake, akamtazama tena, na Saud akafumba macho akingoja mbingu ianguke.

"Bas?" akauliza Bebe.

"Bas, mama yangu. Nisamehe. Bas."

Kizee akaliweka jagi chini, akajishika kiuno kwa mikono miwili, akaachia pumzi ndefu kuliko maisha ya mtu. Kisha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Nazir akawafasiria kwa Kihindi ambacho Saud anajisifu anakijua, na safari hii alikifahamu kila neno.

"Mama anasema, alhamdulillahi! Anasema nyati wamekauka maziwa tangu juzi, anaazima maziwa kwa jirani, na jirani naye sasa anajificha akimwona. Alikuwa anaomba usiku na mchana mgeni ashibe, lakini angewezaje kuacha kujaza na wewe unatikisa?"

Mnaona ndugu zangu! Majeshi mawili yamepigana siku zote hizo, na kila moja lilikuwa likiomba kushindwa. Bebe akaushika mkono wa Saud uliolowa lassi, akaufuta kwa ncha ya mtandio wake kama anayefuta mtoto, akamsukumia mlangoni. Bi Fawziya alikuwa amekwishafunga kamba za viatu. Ndani ya gari aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, ukaganda hapo kwa utamu wa lassi.

Wakafika Harappa jua likiwa limeegemea magharibi. Saud akashuka, akatazama. Kuta zilimfikia gotini. Kuna kisima kikavu, vumbi, na mbuzi mmoja. Matofali mengi yalibebwa zamani kutandikwa chini ya reli.

"Ndio haya?" akasema. "Bahla tuna ukuta mkubwa kuliko huu, na hatuupandii ndege."

Mkewe alikuwa amekwishaondoka, anakwenda upesi kuliko alivyopata kumwona akienda, mpaka penye mteremko uliojaa vigae. Akachutama. Hakuokota kitu, kwani alikuwa mwalimu na anajua miko ya mahali. Alikigusa kimoja tu kwa ncha ya kidole, akakaa hivyo. Na mabega yake yakaanza kutetemeka. Saud alitaka kumwendea, akaona aibu, akasimama na bakora yake. Alikuwa akilia pia, na hakujua ni kwa ajili ya nani.

Mara filimbi. Mlinzi wa magofu, mzee mwenye masharubu na birika la chai, alikuwa akija anapunga mkono.

"Bas, bas!" anaita. "Tunafunga!"

"Mama Tahani!" akaita Saud. "Bwana anasema basi!"

Bi Fawziya hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi kama aliyeshika kikombe cha kahawa, akautuliza kimya, hautikisiki hata kidogo. Na akalisema lile neno lake la miaka yote, ila safari hii lilitoka na furaha.

"Bado."

Basi waandike wenye kuandika, na wasiojua kuandika wawasimulie wajukuu zao kuanzia Firq hadi Ras al-Jinz, kwamba Saud bin Thani, Mshindi wa Gilasi, Mwana wa Malindi, aliyelisema neno ambalo mababu zake hawakulithubutu, alimwangalia mlinzi, akaliangalia birika, akakumbuka kwamba nchi ile mwenyeji hafungi mlango mgeni akiwa bado ana kiu. Akaketi juu ya ukuta wa kale, akaweka bakora chini, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa taratibu mpaka tone la mwisho.

Kisha akakitikisa. Na mlinzi, masikini, akamimina.