Nyumba Iliyopandishwa Winguni

Kauli alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa aliposikia riziki yake ikilalamika kwenye kiti cha pili.

Riziki yenyewe ilikuwa bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka limekakamaa, rundo la funguo mkononi. Alikuwa akimweleza kinyozi kwamba siku hizi nyumba isiyo mtandaoni ni sawa na duka lisilo na mlango. Ana nyumba ya ghorofa, rangi bado inanukia, vyumba vitupu. Wapangaji hawaji! Wanajazana kwenye vibanda vya watu kwa sababu tu picha za vibanda hivyo ziko kwenye simu.

Jina alilopewa Kauli na wazazi wake lilikuwa limesahaulika, na yeye mwenyewe alilikumbuka kwa shida kila alipoulizwa na askari. Watu walimwita Kauli kwa sababu maneno ndiyo mali pekee aliyowahi kumiliki. Aliwahi kuuza maji ya kufufua betri za simu. Aliwahi kuwa wakala wa safari za basi ambalo halijanunuliwa. Wakati huu alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, ambaye kila asubuhi alimwamsha kwa ufagio, akijifanya anafagia. Na juzi tu alikuwa amemsikia shemeji yake akisema kwamba ofisini kwao wamehamishia kila kitu "kwenye wingu". Kauli hakujua wingu hilo ni mnyama gani. Lakini kutokijua kitu hakujawahi kumzuia kukiuza.

"Samahani, mzee wangu," alisema, akageuka ghafla mpaka mashine ya kinyozi ikamparuza sikio. "Tatizo la nyumba yako mimi nimeshaliona."

"Umeliona wapi, na nyumba hujaiona?"

"Iko ardhini."

Yule bwana alimtazama kupitia kioo. "Ulitaka iwe wapi, kijana?"

"Winguni! Wenzako wote wamepandisha. Nyumba ikishakuwa winguni, mtu yeyote akiinua simu anaiona. Ya ardhini mpaka mtu apotee njia ndipo aione."

"Na wewe unaweza kuipandisha?"

"Mzee wangu, nimepandisha benki."

Kinyozi alizima mashine kidogo, kwa heshima, ili uongo huo upite.

Wakakubaliana. Kauli hakutaka hela, alitaka chumba. Mtaalamu wa wingu, alieleza kwa sauti ya daktari anayetoa majibu, hawezi kuishi mbali na nyumba anayoipandisha, maana mawimbi yanakatikia njiani. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angeingia chumbani, afungue kompyuta, aonyeshe kioo cheusi chenye herufi nyeupe zinazotiririka, akune kidevu, kisha aseme wingu limejaa na tusubiri lipungue. Kufikia hapo angekuwa ameshatundika pazia, na kumng'oa mtu aliyekwisha kutundika pazia ni kazi ngumu kuliko kumng'oa kupe.

Kompyuta alimwomba dada yake.

"Ya kufanyia nini?" dada aliuliza.

"Kazi."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza, akampa. "Natungia mitihani ya wanafunzi wangu kwenye hiyo. Ikipata hata mkwaruzo, mdogo wangu, usirudi. Wewe ulale huko huko kazini."

Basi Kauli akahamia ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye madirisha mawili na upepo wa bure. Akajiandikisha kwenye kampuni moja ya kukodisha kompyuta za mbali, ambayo ilitoa muda wa majaribio bila malipo. Akafungua kile kioo cheusi, sehemu ambayo hakuna picha wala vitufe, unaandika amri tu na mashine inatii. Bwana Mwenye Nyumba akavuta kiti akakaa nyuma yake, mikono kifuani.

Kauli akaandika neno lililoonekana la kitaalamu. Mashine ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Imesemaje?" aliuliza Mwenye Nyumba.

"Inanisalimu."

Akaandika jingine. Mashine ikajibu kwamba hana ruhusa.

"Na sasa?"

"Sasa tunataniana."

Lakini moyoni jambo hilo lilimuuma. Maisha yake yote Kauli alikuwa amewalainisha watu kwa mdomo: wenye maduka, makondakta, mpaka mama mkwe mmoja mtarajiwa. Leo amekutana na kitu kisicholainika. Alijaribu kuandika "tafadhali". Hakijui. Alijaribu kuandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayemfokea mhudumu wa hoteli. Hakijali. Ukikosea nukta moja kinakurudisha mwanzo, na hakikumbuki kwamba jana mliagana vizuri.

Angeweza kuacha. Herufi zilikuwa zimeshatiririka vya kutosha kumdanganya mtu mzima. Lakini tapeli naye ana heshima yake, na Kauli hakuwa tayari kutukanwa na mashine mbele ya mteja. Akaanza kutafuta maelezo mtandaoni, akasoma, akajaribu, akakosea. Alipokuwa akiandika alitamka kila neno kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma: amri, majina, hata neno la siri. Mchana mmoja aliandika amri fupi ya kusafisha takataka, na mashine, bila hata kuuliza "una hakika?", ikafuta kazi yake yote. Kauli alikaa akikitazama kioo kitupu. Alikuwa amewahi kuwafanyia watu hivyo hivyo, akawaza, ila yeye angalau aliwapigia hadithi kwanza.

"Pole," alisema Mwenye Nyumba. "Si uanze tena? Ile ya kwanza ulisema unafungua seva, hiyo kompyuta ya mbali, ya pili unaipa jina..."

Bwana huyo alikuwa na subira ya ajabu. Alileta chai. Aliuliza maswali madogo madogo. Kauli alimwonea huruma: mtu mzima, mpole, anatapeliwa hivi hivi huku anamiminia tapeli wake chai.

Halafu siku moja mashine ikaukubali ukurasa wake. Kauli alimpigia dada yake, akamsomea anwani herufi kwa herufi, akamwambia aifungue kwenye simu yake. Dada akaifungua. Kisha dada akasema, "Naona nyumba. Ya ghorofa. Ina ngazi nzuri."

"Unaiona kweli?"

"Si nakwambia naona ngazi!"

Kauli alitoka hadi verandani akarukaruka kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kabisa kwamba alikuwa anatapeli. Aibu iliyoje! Miaka yote hiyo mjini, na leo amefanya kazi halali kwa bahati mbaya.

Mwenye Nyumba naye alifurahi, akaomba marekebisho machache. Iwekwe bei. Iwekwe namba yake ya simu ya kupokelea kodi, na maneno "Lipa mapema, chumba kisikupite". Na iwekwe picha ya meneja.

"Meneja nani?"

"Wewe hapo! Watu hawaamini nyumba, wanaamini uso. Na wewe, kijana wangu, una uso wa kuaminika."

Hakuna aliyewahi kumwambia Kauli maneno hayo. Aliazima koti la shemeji yake, akapigwa picha akitabasamu kwenye ngazi, akaiweka juu kabisa ya ukurasa, kubwa kuliko nyumba.

Haukupita muda, asubuhi moja akagongewa mlango. Alifungua akakutana na mwanamke mshonaji, cherehani kichwani. Nyuma yake walisimama bwana na bibi harusi wapya na godoro lao, na nyuma yao dereva mstaafu aliyekumbatia televisheni kama mjukuu.

"Ee, ndiye huyu!" alisema mshonaji. "Meneja, habari za kazi. Chumba cha madirisha mawili ni hiki, siyo?"

"Hiki ni changu," alisema bwana harusi. "Nimeshalipia."

"Hata mimi nimelipia," alisema dereva.

Kauli aliomba dakika moja, akampigia Mwenye Nyumba. Simu haipatikani. Akapiga tena. Akashuka chini na kumgongea: chumba alichokuwa akikaa bwana huyo kilikuwa kitupu, hata kiti hakipo. Aliporudi ngazini alikuta watu wameongezeka, na mbele yao mama mmoja mnene mwenye miwani, akiwatazama wote kama mwalimu wa zamu.

"Kuna nini nyumbani kwangu?" aliuliza mama.

"Nyumbani kwa nani, mama?" Kauli alisema kwa unyonge.

"Kwangu. Nilikwenda kumuuguza mwanangu, nikamwachia fundi rangi funguo apake kuta. Wewe ni nani?"

"Fundi rangi," Kauli alirudia. Akakaa kwenye ngazi. Alikuwa ameuza kiwanja cha winguni kisichokuwepo kwa mtu aliyemlipa chumba kisichokuwa chake. Na katika mpango wote huo, kitu pekee cha kweli kilikuwa ukurasa ule, alioutengeneza yeye kwa jasho lake, na ndio ulioibia watu.

Kauli alianza kujitetea. Alianza uongo wa kwanza, akauacha katikati. Wa pili ukamfia mdomoni. Mwishowe akasema ukweli: "Na mimi nimeibiwa."

Ukweli ule haukuaminiwa na mtu hata mmoja. Bwana harusi alimshika ukosi. Mama mwenye nyumba akataka polisi. Kwenye vurugu hiyo akatokea dada yake, amekuja kudai kompyuta yake maana mitihani imekaribia, na kabla hajauliza lolote simu ya Kauli ikaita. Namba ngeni.

"Weka sauti ya nje," dada aliamuru.

"Kijana wangu," ilisema sauti ya upole. "Hamjambo huko?"

Kauli aliisogeza simu mdomoni. Hapa, aliona, ndipo pa kujikomboa. "Bosi! Afadhali umepiga. Wingu limegoma. Linataka mwenyewe uje uweke kidole gumba, la sivyo hela zote zilizolipwa zitarudi kwa wenyewe. Njoo leo."

Fundi Rangi alicheka taratibu, bila ubaya. "Mwanangu, nilikaa nyuma yako siku zote zile. Halina kidole gumba. Nimepiga kukushukuru tu, umenifundisha vizuri, hasa ile tabia yako ya kusoma kwa sauti. Neno la siri nimelibadilisha, usihangaike. Msalimie mama mwenye nyumba. Mwambie ukuta wa nyuma bado mkono mmoja wa rangi."

Akakata.

Dada alikuwa ameshafungua ukurasa kwenye simu yake. Watu wote wakainama kutazama. Nyumba ilikuwa imebadilika: hii ilikuwa ya mji mwingine, ghorofa tatu, yenye bustani. Bei ilikuwa imepanda. Meneja alikuwa yule yule, ndani ya koti la shemeji, akitabasamu.

Kauli alichukua simu, akaisogeza karibu. Mungu amsamehe, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba picha zilifunguka haraka kuliko zake.

"Ameirekebisha," alinong'ona. "Mimi ilinishinda."

"Sasa unamsifu?" dada alifoka.

Mama mwenye nyumba alivua miwani, akaifuta, akawatazama wale watu na mizigo yao. Akasema vyumba vipo, waweke vitu ndani kwanza, habari ya kodi wataongea kama watu wazima. Isipokuwa huyu meneja. Yeye aende naye kituoni kueleza vizuri, tena haraka, kabla watu wa mji ule hawajaanza kubeba magodoro.

Wakatoka wote kwa miguu: mama mbele, dereva na wanandoa nyuma yake, dada amekumbatia kompyuta yake kifuani, Kauli katikati kama mwali, akipanga kichwani namna ya kumweleza askari kwamba yeye ni tapeli, ndiyo, lakini siyo yule.

Mshonaji alitembea karibu naye, akiwaza jambo. Kisha akamsogelea.

"Lakini meneja," alisema kwa sauti ya chini, "ile picha ya ngazi ndiyo iliyonileta. Hivi na mimi, na cherehani yangu, huwezi kunipandisha?"

Kauli alivuta pumzi. Kifua kikatanuka, mabega yakanyooka, mdomo ukafunguka.

Dada yake akamkanyaga mguu.