Mama Aliyembeba Mwenyekiti

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Upimaji wa Afya kwa Akina Mama wa Umri wa Kati, Rujewa, inatangaza kwamba katika mwaka 1976 haikufanya kosa hata moja. Mihtasari yote niliiandika mimi, Liberatus, katibu, kwa hiyo nina hakika.

Agizo lilikuwa wazi. Muuguzi angekuja na Landrova kutoka Mbeya, kwa siku moja, awapime akina mama wa miaka arobaini hadi hamsini na mitano: shinikizo la damu, kizazi na matiti. Kwa kuwa wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, Kamati ilimteua Ndugu Marcelino, bwana mifugo, akadirie umri kwa kutazama meno. Ana uzoefu wa ng'ombe elfu nne na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Hadi saa nane mchana, Sista Apolonia, muuguzi, alikuwa amepima mama mmoja. Wengine walikuwa kwenye foleni, midomo wazi.

Akafika Mama Roza Kashindye. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya mahindi, aliougundua msimu wa kupandikiza mpunga. Marcelino akamfungua mdomo.

"Sitini na tano. Amepita umri. Anayefuata!"

"Sitoki hapa," alisema Mama Roza. "Uvimbe huu nani atautazama?"

"Ndugu mama," nilimweleza, "uvimbe wako uko nje ya mpango."

Akamgeukia Mwenyekiti wetu, Ndugu Budeba, waliyetoka naye kijiji kimoja huko Usukumani.

"Budeba, hunijui?"

"Nakujua, dada."

"Nani alikubeba mgongoni mama yako akienda kulima?"

Mwenyekiti aliyatazama majalada. "Wewe."

"Nikiwa na miaka mingapi?"

"Minane. Mama alisema hivyo kila siku."

"Haya, piga hesabu, msomi. Mimi nikiwa na sitini na tano, wewe una hamsini na saba. Si mnastaafu mkiwa na hamsini na mitano ninyi?"

Foleni ilicheka, midomo ilikuwa wazi tayari.

Jalada la Mwenyekiti linasema ana arobaini na saba. Haliwezi kukosea, kwani alilijaza mwenyewe. Kikao cha dharura kilichukua dakika mbili. Kamati iliridhia kwamba Mama Roza ana miaka hamsini na mitano kamili. Mwenyekiti akatia sahihi na kugonga muhuri kwamba mama huyo alimbeba akiwa mchanga, akimzidi miaka minane.

Sista Apolonia alimpima, akampakia kwenye Landrova jioni ile ile. Mbeya wakamfanyia upasuaji. Uvimbe uliwahiwa.

Lakini hospitali nayo ni ofisi. Iliiandikia parokia ya zamani ya Mama Roza kuthibitisha umri, na cheti kikaja: Roza, amebatizwa 1911, umri wiki mbili. Nakala kwa Kamati, nakala mkoani, pamoja na ile karatasi yenye sahihi ya Mwenyekiti. Kumbe mkoani kuna mtu anayejua kutoa nane. Ndugu Budeba alistaafishwa Ijumaa.

Mama Roza, aliporudi, alimpelekea kibuyu cha maziwa ya mgando. "Pole, mdogo wangu. Kunywa, umri umekwenda."

Mkoa umempongeza Ndugu Marcelino, ambaye hakukosea hata mwaka mmoja, na kumteua kuwa Mwenyekiti mpya. Ajenda yake ya kwanza ni uhakiki wa umri wa wajumbe wote, kuanzia katibu.

Ndiyo maana taarifa hii nimeiandika badala ya kuisoma mbele ya kikao. Tangu Jumatatu sijafumbua mdomo.