Jenerali wa Magodoro

Profesa Tai hakuwa profesa, ila tai alikuwa nayo, nyekundu, na aliivaa hata akienda kuchota maji. Kiingereza chake alikiokota kwenye maboksi ya dawa na vibao vya ofisi. Hakikuwa kingi, lakini alikitamka kwa kujiamini, na mtaani kwao hilo lilitosha kabisa.

Siku bahati ilipomdondokea alikuwa kwenye benchi nje ya karakana, anasoma gazeti la jana. Ndani, viongozi wa chama cha wafanyabiashara wa mtaa walikuwa wameshikana mashati kwa maneno. Mwenyekiti alikuwa muuza magodoro, ambaye kila mtu alimwita Bwana Jumla kwa sababu rejareja aliiona ni matusi. Katibu alikuwa Mama Cherehani, mshonaji. Mweka hazina alikuwa fundi vyuma, mwenye karakana, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache.

"Mkubwa wa chama ni mwenyekiti!" alifoka Bwana Jumla.

"Chama bila katibu ni kijiwe tu," alijibu Mama Cherehani.

Tai akakunja gazeti, akaingia, akaomba radhi kama waombavyo wote wenye nia mbaya.

"Samahanini, wakubwa zangu. Mwenyekiti maana yake nini? Mtu mwenye kiti. Sasa muuza chai pale kona ana viti na mabenchi juu. Yeye tumwiteje?"

Bwana Jumla akakitazama kiti alichokalia kana kwamba kimemtukana.

"Uzito uko kwenye vyeo vya Kiingereza," Tai aliendelea. "Wewe, mzee wangu, unauza kwa jumla. Kwa Kiingereza, cha jumla ni 'jenerali'. Basi wewe ni nani?"

"Jenerali?" Sauti ya yule mzee ilitoka nyembamba kama ya bwana harusi.

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe."

"Na mimi je?" Mama Cherehani akadakia.

"Kazi yako si kupima watu? Kupima ni 'meja'. Wewe ni Meja kamili, mama. Na fundi hapa, mageti yake yanastaajabiwa na kila apitaye. Kustaajabu ni 'admaya'. Huyu ni Admirali."

Fundi akakuna kichwa. "Admirali si wa majini?"

"Wa majini wamejaa. Wa nchi kavu ndio adimu."

Tai hakutaka pesa. Alikuwa na heshima zake. Alisema vyeo haviuzwi, ila mtu akimkumbuka aliyempa cheo, nani atamkataza? Wakamkumbuka. Jenerali akampelekea godoro nene, Admirali kitanda cha chuma chenye maua kichwani, Meja akamshonea suti ya kijivu. Yeye akawapa kila mmoja mshipi wa satini wa kuvaa begani, uliokatwa kwenye pazia la mama mwenye nyumba wake. Usiku alilala juu ya matunda ya elimu yake, akikoroma.

Raha hiyo iliharibiwa na bwana afya wa manispaa. Alifika kukagua ghala la magodoro, akapokewa na mzee aliyevaa mshipi, kifua mbele.

"Karibu. Mimi ndiye Jenerali."

"Jenerali wa jeshi gani?"

"Wa magodoro."

Bwana afya hakuwa mtu wa utani. Aliita polisi, na Bwana Jumla alishinda kituoni siku nzima akielezwa kwamba kujifanya mkubwa wa jeshi ni kosa, na akirudia atalala ndani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alipoachiwa askari walimpigia saluti, huku wakicheka mpaka kofia zikawadondoka.

Jioni hiyo viongozi walikutana tena karakanani, mishipi imefichwa mifukoni.

"Nikimkamata namkunja kama nondo," alisema fundi.

"Ukimkunja, suti yangu itachanika," alisema Mama Cherehani. "Tumwendee kwa upole. Yule anapenda ukubwa kuliko sisi wote."

Asubuhi wakamgongea Tai mlango, wamebeba mshipi mpya wenye nyuzi za dhahabu.

"Profesa, chama kimekaa," alianza Mama Cherehani kwa sauti ya msibani. "Jenerali, Meja na Admirali bila mtu wa juu yao ni fujo. Tumekuteua uwe Prezidenti."

Hapo mjanja yeyote angeuliza swali. Tai aliuliza moja tu: "Kuna makazi?"

"Prezidenti apange chumba? Kuna nyumba ya chama nyuma ya ghala, sakafu ya vigae. Tumekuja na mkokoteni."

Akawasaidia hata kubeba. Fundi alifungua kitanda, Bwana Jumla akajitwika godoro, na Mama Cherehani akaomba suti aitie nishani. Kisha wakamsihi asitoke, kwa kuwa mkubwa huingia mwisho na huitwa.

Tai akakaa sakafuni kwa fulana, bukta, tai na mshipi, akifanya mazoezi ya kupunga mkono. Jua likapanda, likashuka. Njaa ikamwita kabla ya chama. Akatoka mbio.

Nyuma ya ghala hakukuwa na nyumba, palikuwa na uwanja wa maboksi matupu. Ndani ya ghala aliwakuta watatu wakinywa chai juu ya kitanda chenye maua, na suti imetundikwa ukutani.

"Vitu vyangu!" alipiga kelele.

"Ahsante sana, mheshimiwa," alisema Mama Cherehani akiinuka kwa adabu. "Tumeuliza maana ya cheo chako. Tumeambiwa kinatoka kwenye 'prezenti', yaani zawadi. Prezidenti ni mtoa zawadi. Nasi tumezipokea."

"Uongo! Maana halisi ya neno hilo ni..."

"Kumbe maana halisi huwa unazijua?"

Tai akanyoosha mkono kuelekea suti. Fundi akaweka kikombe chini taratibu, akakunjua vidole. Tai akaelewa lugha hiyo bila mkalimani.

Akatoka na mshipi wake begani na bukta yake inayopepea. Habari zilishafika mtaani kabla yake, vinyozi na wauza mitumba walijipanga barabarani wakimwita, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!"

Aliinamisha kichwa kwa aibu hadi karibu na kona. Kisha, masikini, akashindwa kujizuia, akawapungia mkono.