Mwenye Sauti Nzuri Abaki

Ifahamike kwa wote: tangu Jumatatu ile, gereza dogo la nyuma ya mtaa wa Mudzipela halikuwa gereza tena. Lilikuwa Kituo cha Kurekebisha Tabia kwa Sauti Nne. Direkteri Ephraïm aliyatangaza hayo uwanjani kwa megafoni, kravati shingoni, na wafungwa wakapiga makofi kwa nguvu, maana jua lilikuwa kali na makofi ndiyo humaliza hotuba.

Mambo yakapangwa kisayansi. Wezi wa kuku wakapewa sauti ya kwanza, wapiganaji wakapewa besi. Kisha Direkteri, aliyekuwa akikosa usingizi kwa kuliwazia taifa, akaweka kanuni: asiyejua kuimba aende kwao siku kifungo chake kinapoisha, kwa kuwa muziki hauna la kumfanyia. Mwenye sauti nzuri abaki, arekebishwe mpaka mwisho.

Katsuva, masikini ya Mungu, alikuwa na sauti tamu ajabu. Alifungwa kwa kuuza mbuzi wa jirani. Kifungo chake kilikwisha kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita, na Katsuva bado anarekebishwa. Mke wake Musoki, muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, sokoni, akamletea habari pamoja na bugali: siku ya posho, yaani Jumamosi, binti yao Mbambu anaolewa, na wakwe wanaleta mbuzi za mahari. Baba asipokuwepo kuzipokea, watu watasema nini? Roho ilimuuma Katsuva kweli kweli. Akaenda ofisini, kofia mkononi.

"Direkteri, kifungo yangu ilishaisha. Mbuzi ya mutoto wangu, nani atazipokea?"

"Mbuzi ndiyo ilikuleta huku, papa Katsuva," Direkteri akajibu kwa upole wa kibaba. "Ukiona ingine mapema hivi, tutapoteza kazi yote."

Isitoshe, siku hiyo hiyo ya posho Mama Lucienne, mkaguzi mkuu wa magereza, alikuwa anafika kutoka Kinshasa kusikiliza kwaya. Na kwetu, wimbo usiomtupia mtu mkubwa jina lake, hilo tunaloita libanga, ni mchuzi bila chumvi. Direkteri akaagiza jina lake yeye mwenyewe litupwe katika kila ubeti, pamoja na matendo yake.

"Yote?" Katsuva akauliza.

"Yote. Bila haya."

Siku ikafika. Wageni wakaketi, kwaya ikaanza polepole, gitaa likachemka, Katsuva akapandisha sauti:

"Direkteri Ephraïm eee! Kifungo yangu iliisha mbele ya Pasaka, ukakatala niende! Mbambu anaolewa leo, ukanichunga nisione mbuzi!"

Besi zikaitikia: hata siye, hata siye.

Sasa, mtu akitupiwa libanga husikia jina lake tu, yaliyobaki kwake ni ngoma. Direkteri akainuka, kiuno kikalegea, akamsogelea Katsuva akambandika noti kwenye paji la uso. Kila shitaka, noti. Mama Lucienne alikuwa ameacha zamani kutikisa kichwa kwa mdundo.

"Haya wanayoimba ni kweli?" akauliza.

"Kila neno, Madame," Direkteri akasema akihema, jasho likimtiririka kwa furaha. "Ni mimi mwenyewe nilipanga."

Mchana ule, kwa amri ya Mama Lucienne, Katsuva alitoka, noti moja bado imemganda usoni, akapanda pikipiki mpaka nyumbani. Alikuta mbuzi zikilia mlangoni na Musoki akilia kuzishinda.

Mama Lucienne aliusifu mpango wa kwaya, akaamuru uendelee chini ya Direkteri mpya, Dorothée. Ile kanuni hakuna aliyekumbuka kuifuta. Ephraïm naye akahukumiwa kifungo kifupi, kwa kosa la kuwafunga watu waliomaliza vifungo vyao, akaingizwa humo humo. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hakuwahi kuimba maishani mwake, kwa hiyo angetoka upesi.

Wiki ya kwanza tu ikagundulika kwamba ana besi safi sana.