Siku Saba Bila Malalamiko

Jumapili, 3 Agosti
Jana nilioa! Leo naanza fungate: siku saba ndani kwa wakwe hapa Palma, kula na kulala. Kompyuta nimeificha chini ya mto. Jumamosi chefe Sebastião, mkubwa wetu wa kazi, anachagua mkuu wa mtandao wa ushirika wetu wa wavuvi. Ni mimi au mwenzangu Neusa. Tumeagizwa kusaka huduma za zamani zilizoachwa wazi kwenye mitambo, zile zinazopitisha senha, yaani neno la siri, bila kuificha, tuzizime. Neusa anazunguka na daftari akiuliza nani anatumia nini. Maskini! Mimi nazima, kisha nasikiliza nani atalalamika. Asipolalamika mtu, haikuwa na kazi.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekuta telnet nne, ndizo hizo huduma za zamani za kuagiza mitambo kwa mbali. Telnet, zama hizi! Nimezima zote kabla ya chai. Simu kimya. Mama mkwe kaleta changu wawili wa kukaanga. Mkwe bora kabisa.

Jumatano, 6 Agosti
Bado kimya. Lakini chakula! Changu asubuhi, jodari mchana, pweza wa nazi jioni. Mtaa mzima unanuka samaki wa kuchoma, watu wanaimba. Nikamwuliza mke wangu Nazira kuna nini. Akacheka mpaka akajifunika khanga, akasema ni baraka za harusi yetu. Kumbe napendwa hivi! Ripoti nimemtumia chefe: zimezimwa nne, walalamikaji hakuna.

Ijumaa, 8 Agosti
Majirani wameleta beseni la kamba. Suruali imenikataa. Neusa kaja kumpa Nazira hongera, akanitazama kwa huruma, akasema tutaongea nikitoka. Kashakubali kushindwa, huyo.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimetoka. Afadhali ningebaki ndani.

Mtambo wa barafu ulisimama tangu Jumatatu. Kumbe ofisi huuagiza kwa telnet! Mashua za kisiwa cha Rongui zilileta samaki tele, barafu hakuna, ikabidi wagawiwe mji mzima kabla hawajaoza. Nikafoka: mbona hamkuniambia? Chefe, mtu wa bara, akasema alishashika simu siku ileile, wazee wakamnyang'anya. Bwana harusi hapelekewi shida mpaka siku saba ziishe.

"Bwana Hamido," akaniambia taratibu, "hukulalamikiwa kwa sababu umeoa."

Neusa ndiye aliyeuamsha mtambo jana, kwa njia mpya inayoficha senha, tena kompyuta moja tu ndiyo yenye ruhusa ya kuingia. Ukuu kapewa yeye. Nimeumia, sitasema uongo. Niliitaka kazi ile kwa roho yangu yote. Nje wavuvi wakanibeba juu juu kwa vigelegele, wakisema hawajawahi kula harusi kama ile. Nikacheka nikiwa na machozi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimetafakari sana. Njia yangu haina kosa, kosa lilikuwa fungate. Sasa imekwisha, kila mtu ruksa kunilalamikia. Na leo nimenasa telnet nyingine, kwenye pampu yetu inayojaza tangi la msikiti! Neusa kasema nisiiguse mpaka aulize watumiaji. Aulize nini? Nimeizima saa sita kamili, swala ya Ijumaa ikikaribia. Nusu saa imepita, halalamiki mtu. Neusa atanikoma! Ngoja niwahi msikitini, nikatie udhu.