Mpango wa Kufuta Foleni ya Pembea

Ilitangazwa kwa wananchi wote wa kata, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova, kwamba kuanzia Idd Mosi foleni ya pembea katika viwanja vya Mnazi Mmoja imefutwa rasmi. Wananchi waliombwa kuupokea uamuzi huo kwa utulivu. Waliupokea kwa utulivu mno, maana wengi wao wakati huo walikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa.

Aliyeifuta foleni ni Ndugu Pantaleo, Katibu wa Kamati Ndogo ya Burudani na Nidhamu. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, na sababu yake haikuwa siri. Mama mkwe wake, Bi Evarista, alikuwa amekuja tena kutoka Ndanda kuwatembelea, na katika mji mzima wa Dar es Salaam, na maghorofa yake na bandari yake, alitaka kitu kimoja tu: kupanda ile pembea kubwa ya mbao inayowainua watu mpaka waone paa la soko la Kariakoo. Idd ya mwaka uliopita alisimama juani tangu asubuhi, akafika mbele pembea inafungwa. Hakulalamika. Alisema tu, wakati wa chakula, kwamba mkwe wake ni mtu mkubwa sana, ila ukubwa wenyewe hajui pa kuutumia. Ugali ulimkwama Pantaleo kooni. Sasa mama alikuwa apande meli ya Mtwara mara tu baada ya Idd, na huko kwao habari za mkwe hazilali njiani.

Utafiti wa kina, alioufanya akiwa amekaa mkabala na pembea anakula muhogo wa kuchoma, ulimdhihirishia Pantaleo kwamba foleni husababishwa na watu kusimama mahali pamoja kwa wakati mmoja. Dawa yake basi ni wasisimame. Kila nyumba kumi ingekuwa na zamu yake. Mwananchi angefika kwenye meza ya Kamati, angepewa utepe wenye rangi ya zamu yake, kisha angeendelea na shughuli nyingine za kujenga taifa mpaka rangi yake iitwe. Tepe zilikatwa kutoka kwenye mapazia ya ofisi. Kwa sababu hiyo ofisi ilibaki wazi mwezi mzima, watu wakaona kazi iliyokuwa ikifanyika mle ndani, jambo lililozua masikitiko.

Siku ya Idd mpango ulifanya kazi barabara. Jua lilipopanda hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye pembea. Bakili, mwenye pembea, na wenzake wawili wa kuizungusha kwa mikono, walikuwa wamekaa chini wanacheza bao. Pantaleo akaitazama nafasi ile tupu, machozi yakamlengalenga. Katika utumishi wake wote hajawahi kuona jambo lililotekelezwa kikamilifu namna ile.

Watu walikuwa mezani. Hapo inabidi nieleze tulivyokuwa miaka ile, hata kama ni kujivua nguo. Sisi watu wa Kariakoo tulikuwa hatuulizi kinachouzwa. Unaona mgongo wa mtu, unasimama nyuma yake, halafu ndiyo unauliza. Na mwenzako akijibu kwamba hata yeye hajui, unazidi kufurahi, maana kisichojulikana huenda kikawa sabuni. Chenye foleni kina mali, kisicho na foleni kina kasoro. Basi kila aliyeingia uwanjani aliona vitu viwili, pembea isiyo na mtu na meza iliyojaa watu, na hakuhitaji kamati ya kumshauri. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imetoka uwanjani, imevuka barabara na kukata kona, ndani yake mna matofali, vikapu na ndala moja moja za watu waliojiwekea nafasi wakaenda kunywa chai. Waliokwisha kupata tepe walizifunga mkononi, wakakaa kwenye nyasi kusubiri mzigo.

"Mzigo gani?" Pantaleo alimwuliza Bi Zamzam, muuza vitumbua, aliyefika mbele ya meza na gunia tupu.

"Wewe ndiye unayegawa, mwanangu, halafu unaniuliza mimi?"

Pantaleo alilichukulia swali hilo kama dalili kwamba elimu kwa umma bado inahitajika.

Bi Evarista alikuwa amewekewa kiti nyuma ya meza. Akanyoosha shingo. "Baba, mbona kile chombo hakina watu?"

"Ndiyo mafanikio yenyewe, mama."

"Basi nikapande."

Pantaleo akatazama pembeni, kama ipasavyo mbele ya mkwe, akamweleza kwamba zamu ya nyumba kumi yao ni baada ya alasiri, na kwamba kiongozi akianza na mkwe wake watu watasema. Mama akakigeuza kiti chake, akaielekea pembea. Mgongo ule ulimchoma Pantaleo kuliko ugali wa mwaka jana.

Mara ikasikika honi. Mkuu, bosi wa kata ile na kata za jirani, alikuwa amekuja kukagua. Pantaleo akaiacha meza mikononi mwa msaidizi wake Shomari, akakimbia kumpokea. Alimkuta ameshashuka garini, mkoba mkononi, amesimama mwisho wa mstari.

Pantaleo akamweleza kwamba ule ndio mpango wa kufuta foleni. Mkuu akaipima foleni kwa macho mpaka ilipopotelea kwenye kona, akaipongeza Kamati kwa dhati. Kisha akashusha sauti.

"Ni sukari?"

"Hakuna sukari, Ndugu Mkuu."

Mkuu akamkonyeza. Naye alikuwa amewajibu wananchi hivyo hivyo miaka mingi, na sukari siku zote ilikuwepo. Akaweka mkoba wake chini, nyuma ya tofali la mtu, akatulia.

Pantaleo akataka kurudi mezani. Hakufika mbali.

"Panga mstari, ndugu," akaambiwa.

"Mimi ndiye Katibu."

"Hapa kila mtu ni katibu."

Wakamrudisha, mkono kwa mkono, mpaka nyuma ya Mkuu. Akamtazama Mkuu amtetee. Mkuu akatazama mawingu, kwani Pantaleo akienda mbele, mbele patazidi kuwa mbali.

Akiwa hapo ndipo alipoona khanga anayoifahamu ikipaa juu ya vichwa vya watu. Bi Evarista alikuwa amemwendea Bakili kumwuliza kama chombo kimeharibika, akajibiwa kuwa hakijaharibika, kimekosa wapandaji. Alizungushwa peke yake mpaka wazungushaji wakaomba kupumzika. Aliposhuka alikuja akicheka, kilemba kimekaa upande.

"Nimeliona paa la soko, baba. Nimeiona na bahari. Na foleni yako nimeiona yote. Ni ndefu, hongera. Ni ya nini?"

Pantaleo aliona furaha na aibu kwa pamoja. Alifungua kinywa aseme ukweli. Lakini alikuwa amesimama muda mrefu, na mbele yake Mkuu bado amesimama, na Mkuu si mtu wa kusimama bure. Akajikuta anajibu, kwa sauti ya chini, kwamba inasemekana kuna kitu.

"Basi nenda kapande na wewe," akasema mama. "Nitakushikia nafasi."

Pantaleo akaitazama pembea. Ilikuwa tupu, na Bakili alikuwa anamwita kwa mkono. Maisha yake yote alikuwa hajaipanda, na wakati ule aliitamani mpaka miguu ikamwasha.

"Siwezi, mama. Sijapata utepe."

Bi Evarista alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ampe binti yake, akamtazama kwa huruma tupu. Akageuka, akarudi zake kwa Bakili.

Foleni ikasogea hatua moja. Mkuu akausukuma mkoba wake kwa mguu, na Ndugu Pantaleo, Mungu amsamehe, akasogea naye, akafurahi.