Kuhusu Falsafa Yako na Kiboko Niliyemwona Sindo

Kwa mpwa wangu mpendwa Scovia,
Mwanafunzi wa Falsafa, Chuo Kikuu.

Anayekuandikia ni mjomba wako Obare, mtu ambaye akipiga chafya hapa Sindo, samaki wa Muhuru Bay hubadilisha njia. Naandika kwa heshima, lakini nimeudhika.

Unakumbuka harusi ya Liz. Tulikuwa kwenye pakruok, kila mtu akijisifu kwa zamu na muziki ukinyamaza kumsikiliza. Nikasema mimi ndiye ndovu aliyekunywa ziwa likabaki tope. Ndipo ukashika maikrofoni, ukafundisha wageni kwamba maneno ya pakruok si kweli wala si uongo. Maana yake ni kazi yanayofanya, na kazi yenyewe ni kuchangamsha watu. Walishangilia. Hata mimi nilishangilia, maana sikujua tunaelekea wapi. Sasa sikiliza:

1. Tangu siku hiyo, nikifungua mdomo tu, ni pakruok. Nilimwambia jirani yetu Truphena chai yake haina sukari. Akanipigia vigelegele.

2. Juzi alfajiri, kwenye ukungu, nilimwona kiboko ndani ya sukuma wiki ya huyo Truphena. Nikapanda paa, nikapaza sauti watu wakimbie. Hakuna aliyekimbia! Omanga wa bodaboda alizima pikipiki, akajibu kwamba yeye ndiye mamba anayekula viboko kwa ugali. Makofi. Yaani mimi naokoa maisha ya watu, na wao wananiomba nirudie.

3. Kiboko akija tena atakanyaga mtu, na mtu huyo atakufa akipiga makofi. Nitasimama matangani niseme niliwaonya, na hiyo pia wataishangilia.

4. Hii ndiyo mbaya kabisa. Nilimwambia mama Emmah, mke wangu wa miaka yote hii, kwamba nampenda. Akauliza zamu inayofuata ni ya nani.

Kwa hivyo naomba uje upesi, usimame sokoni, utangaze kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa maneno ya Obare ni kweli tupu. Wikendi waniachie.

Wasalimie walimu wako, wenzako wote wa darasa, na yule mpishi wenu.

Mimi mjomba wako, kwa uchungu na unyenyekevu kidogo,
Obare

N.B. Usije kwanza. Mchana huu amefika afisa wa wanyamapori, mtu wa kwanza kuniamini, haki ya Mungu. Amepima nyayo kwenye sukuma, akaniuliza mbele ya watu wote kama naapa alikuwa kiboko. Nyayo ni za nguruwe, na si mkubwa. Nimemwambia ile ilikuwa pakruok tu.